Treni ya DCC inayochomoka yenyewe

Kaka, hiyo uliyouliza ya injini ya treni yako ndogo ya mfano, ya DCC (mfumo wa kuiendesha kwa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli), kusimama ghafla kisha kuchomoka mbio na wala hujagusa rimoti, usikimbilie kununua dikoda mpya (kile kijisakiti ndani ya injini kinachopokea amri hizo). Kwanza igeuze miguu juu, chovya pamba kwenye spiriti, sugua magurudumu. Pamba ikitoka nyeusi tii, mchawi ndiye huyo. Reli nazo zifute, ila stilwaya ya kusugulia sufuria usiiguse kabisa: chembe zake huvutwa na sumaku ya mota.

Bado inachomoka? Soma CV29, moja ya namba za mipangilio zilizohifadhiwa ndani ya dikoda. Ikiwa 6, andika 2. Hapo unazima hali ya analogi, maana umeme ukikatikakatika dikoda huweza kudhani iko kwenye reli za umeme wa DC wa kawaida, usio na amri za kidijitali, ikafungulia mota yote. Injini yangu yenye anwani ndefu (namba ndefu ya kuitambulisha) CV29 yake ilikuwa 38. Nikaweka 34, ikatulia.