Mgonjwa haboreki? Bili ya tiba bado inalipwa, ila noti ziseme ukweli

Nilipoanza kazi ya bili kwenye ejensi ya huduma za nyumbani hapa Marekani, klemu (dai la malipo) ya mzee mmoja mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, ilirudi imekataliwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee. Waliomba noti za matibabu wakazisoma, na kila visiti mtu wa fizio kaandika yale yale, "amevumilia mazoezi vizuri, tuendelee na mpango". Niliowakuta ofisini wakaniambia mzee haboreki, Medicare hailipi mtu asiyeboreka, mtoeni tu. Nikakubali kwa sababu nilikuwa mgeni, na hadi leo inaniuma manake haikuwa kweli.

Kuna kesi inaitwa Jimmo, makubaliano yake mahakama iliyapitisha Januari 2013, na yaliweka wazi kwamba kutopata nafuu peke yake si sababu ya kunyimwa tiba. Kumshikilia mgonjwa abaki pale alipo, au ashuke polepole, ni kazi halali. Swali ni moja tu: je hiyo kazi inahitaji ujuzi wa mtaalamu, au binti yake akielekezwa anaweza kuifanya mwenyewe bila hatari?

Sasa namba za huduma za kuweka kwenye bili. Fizio ya kumrudishia mtu nguvu ni G0151, ila akienda kuanzisha au kutoa programu ya kumlinda asirudi nyuma ni G0159, watu wa OT, tiba ya shughuli za kila siku, ni G0160, na wa kuongea na kumeza ni G0161. Mazoezi yenyewe yanaweza kufanana kabisa, kinachotofautisha ni lengo lililoandikwa kwenye mpango aliosaini dokta, kwa hiyo soma mpango kwanza kabla hujagusa bili. Nimeona watu wanaweka G0151 kila mahali kwa mazoea, kisa tangu 2020 malipo ni ya kipindi cha siku 30 na kurundika visiti za tiba hakupandishi hela kama zamani, wanaona namba ni urembo. Siku wakiitisha faili, mpango unasema kulinda, bili inasema kuboresha, utaeleza nini?

Dakika za visiti nazo zinageuzwa uniti za bili: chini ya 23 ni uniti 1, 23 hadi 37 ni 2, 38 hadi 52 ni 3. Na kwenye namba za magonjwa, ugonjwa wa kwanza, yaani sababu kuu ya huduma, usiweke M62.81, udhaifu wa misuli, bili inarudi. Parkinson pia tangu Oktoba 2023 G20 tupu haitoshi, lazima uandike namba hadi tarakimu ya mwisho, mfano G20.A1.

Ila kubwa kuliko yote ni noti, hapa jamani wasumbueni watu wa fizio bila aibu. "Hali ni ile ile" inaua klemu. Aandike mzee aliganda mara ngapi akigeuka mlangoni, alibadilisha nini kwenye hatua zake, na kwa nini mwanae asingeweza kuliona hilo. Na angalau kila siku 30 mtaalamu mwenyewe, sio msaidizi, ampime upya kwa vipimo vinavyolinganishika.

Ikikataliwa una siku 120 tangu upokee uamuzi kukata rufaa hatua ya kwanza. Za yule mzee ziliisha barua iko kwenye droo, hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo ya kwako ikirudi, kabla hujamwambia mtu amtoe mgonjwa, angalia tarehe ya barua.