Barua kwa mwanangu: kasia lipake mwenyewe, deli tuongee kwanza

Mwanangu, salaam. Hapa Tanga wote wazima, Bibi yako mguu unamsumbua kidogo ila kutembea anatembea. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa sokoni kelele tupu sikushika kitu, ya pili nimekaa barazani nikaisikia yote. Umeniuliza kuhusu kasia la pambo unalotakiwa umpe dada yako mkubwa wa sororiti, hicho chama chenu cha wasichana chuoni, yule mwanachama wa zamani uliyepewa akulee, kabla semista haijaisha, kwamba wenzako wanaagiza Etsy, lile duka la mtandaoni, linakuja limeshapambwa kila kitu, sasa na wewe ununue au ukae ulitengeneze. Halafu huyo kijana wa fraterniti, chama cha wavulana, aliyekualika kwenye fomali yao, ile sherehe yao ya kusafiri, kule ufukweni Gulf Shores, Alabama, kwamba kila binti anayealikwa anampakia mwenyeji wake deli la barafu rangi na michoro, na we unaona huna muda wala hujui kuchora. Na mwisho kabisa ukauliza mbona lile kasia la ukutani sebuleni sijawahi kukueleza limetoka wapi. Nimeona niandike, maana kwa voisi ntaongea mpaka bando liishe.

Nianze na la ukutani. Lile nililipewa 1996 kule Georgia, mwaka wangu wa mwisho chuoni. Sororiti yetu ni moja ya yale makundi tisa ya watu weusi, yale yaliyoanza Alpha Phi Alpha kwa wavulana pale Cornell 1906, kisha Alpha Kappa Alpha kwa wasichana pale Howard 1908, mpaka Iota Phi Theta 1963. Kulikuwa na binti mmoja katoka kamji kadogo Alabama, hajawahi kukutana na mtu wa Afrika maisha yake yote, kemia inamtoa machozi. Nikawa nakaa naye usiku maktaba nikitoka zamu yangu ya kuosha vyombo jikoni chuoni, saa nne mpaka saa saba huko, yani semista nzima. Sikumdai kitu wala sikufikiria kitu. Basi siku moja akaniletea kimefungwa gazeti, nafungua naona kasia la mbao limepakwa bluu, herufi zetu za Kigiriki juu, na chini kaandika kwa Kiswahili DADA KUBWA.

We umelikuta pale tangu utoto ndo maana hujawahi kulisoma vizuri. Dada kubwa! Alienda maktaba akatafuta kamusi ya Kiswahili, akalitafuta neno la kwanza akalipata, akalitafuta la pili akalipata, akayaweka pamoja, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba dada ni mkubwa. Mwaka 1996 huwezi kumuuliza simu. Nilishindwa kumwambia na mpaka leo sijamwambia. Siku ukija likizo lishushe uligeuze nyuma, utaona mistari ya penseli aliyopima herufi kwa rula, inaonekana mpaka leo, na pale mbele kwenye neno KUBWA herufi mbili za mwisho bluu yake si sawa na ya mwanzo, rangi ilimwishia akamalizia ya kopo lingine. Miaka yote hii vumbi nalifuta mimi mwenyewe, simwachii mtu.

Nilipolileta nyumbani marehemu Babu yako alilishika akaligeuza geuza, akasema hili kafi mbona fupi, linaendesha mtumbwi gani. Bibi yako hakuuliza la kazi gani wala bei gani. Aliuliza, kalifanya siku ngapi? Unajua Bibi ni mtu wa kusuka ukili, kashashona kofia za mkono zile za vitobo vidogo vidogo, kofia moja inakula miezi, kwa hiyo yeye kitu chochote cha mkono anakihesabu kwa siku. Nikamwambia sijui, labda wiki mbili. Akasema huyo mtoto anakupenda, basi akarudi kwenye ukili wake.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu langu ni hilo la Bibi. Huyo dada yako mkubwa wewe mwenyewe ulinisimulia ile wiki ya zawadi kabla hawajakutajia ni nani, kila siku unakuta kitu mlangoni, mara chupa ya pipi imefungwa utepe, mara turubai la kuchorea lina jina lako, na turubai lingine kakuchorea mbuyu. Mbuyu! Mtoto wa Tennessee kaenda kutafuta mbuyu unafananaje. Ukaniambia mwenzie wa chumbani alisema kwa siku tano huyo dada hakulala vizuri. Sasa mtu kakupa usiku wake wa siku tano we unampa kifurushi cha posta? Hapana mwanangu. Hata hela yenyewe fikiria, visa yako ya mwanafunzi masomo yakiendelea inakuruhusu kufanya kazi masaa 20 tu kwa wiki tena hapo hapo chuoni, hizo dola za Etsy ni zamu ngapi za kusimama kaunta.

Kasia tupu la mbao linauzwa kwenye maduka ya vitu vya kutengeneza, hobby na nini, halifiki bei ya kukutisha. Lipige msasa mlaini kufuata nyuzi za mbao, usikatize, litafanya michirizi na rangi ikikaa inaonekana. Futa vumbi lote. Praima mkono mmoja, ikauke. Rangi ya akriliki paka nyembamba mara mbili tatu, usitake kumaliza kwa mkono mmoja mnene, itabeba alama za brashi. Zile herufi za mbao zipake pembeni kabla hujazibandika, watu wanabandika kwanza halafu wanahangaika na pembe za ndani brashi haingii. Halafu ile Mod Podge mnayopaka juu kulinda, kama umeandika kwa kalamu za rangi ijaribu kwanza kwenye kipande kingine, kuna kalamu zikikutana nayo zinachuruzika jina lote linaharibika ndani ya sekunde. Na ikikauka kwa kugusa usidhani imemaliza, kukomaa kabisa inataka kama wiki nne, kwa hiyo usilifunge kwenye nailoni siku hiyo hiyo. Anza wikendi hii.

Lingine kuhusu kasia na hili nasema kama mama yako. Kasia hilo kabla halijawa pambo lilikuwa la kuchapia watu. Wanaotaka kujiunga walikuwa wanainamishwa wanachapwa nalo, na kuna watoto wameumia vibaya na wengine wamekufa kwenye mambo hayo ya kuwapitisha watu kwenye majaribu ya kujiunga, si kasia tu, na pombe na kunyimwa usingizi. Makundi yetu ya watu weusi mwaka 1990 viongozi walikubaliana kuufuta ule utaratibu wa zamani, mimi nimeingia baada ya hapo na bado usiku usiku kulikuwa na watu wanaendeleza kwa siri. Walinigonga mlango mara moja saa nane usiku, sikufungua. Mwishoni mwa 2024 imepita sheria ya Marekani nzima inayotaka vyuo vitangaze matukio hayo hadharani kwenye ripoti zao, ni kitu kizuri lakini sheria haikai na wewe chumbani. Kasia la kutundika sawa. Siku mtu akikunyanyulia kasia mkononi, awe nani, hata huyo huyo aliyekuchorea mbuyu, unachukua begi lako unatoka na unanipigia saa hiyo hiyo, mimi sina usiku.

Sasa deli. Enzi zetu hayo sikuyaona, nimeyajua nilivyokuja kwako mwaka jana Machi, nikamkuta yule rafiki yako kakaa chini kazungukwa na magazeti anasugua deli la plastiki, nikakaa nikamsaidia maana nilimwona vidole vimechubuka. Nikajifunza. Plastiki ile inateleza, rangi haishiki mpaka uisugue msasa mng'aro wote utoke iwe kama imepaukapauka, halafu unafuta na spiriti. Yale majina ya kampuni yaliyochomoza au kuzama kwenye plastiki anayajaza puti, anasubiri, anasugua tena mpaka yalingane. Praima ya plastiki mara mbili. Ndo anachora kwa penseli, pande nne na mfuniko, kila upande na habari yake, nembo ya fraterniti, jimbo analotoka kijana, timu yake ya mpira, maneno wanayotaniana. Wiki tatu yule binti. Na kazi ilikuwa nzuri jamani, sisemi uongo, ule upande wa machweo ya bahari nilitamani kuukata niuweke fremu. Nikamuuliza na yeye kijana anakufanyia nini, akasema fraterniti inalipia nyumba ya ufukweni na usafiri. Basi nikaelewa, deli ndo nauli.

Hapo ndo mimi nasita. Kitu cha mkono kikishakuwa nauli kinabadilika ladha. Huyo kijana umesema mmeongea mara nne. Kasia la dada yako lina semista nzima ndani yake, deli la huyu lina nini? Sikukatazi kwenda, umeshakuwa mtu mzima, ila usiache masomo wiki tatu upake machweo ya mtu usiyemjua vizuri kwa sababu tu wenzako wanafanya. Kama unampenda kweli na una hamu ya kushika brashi, paka, paka mfuniko peke yake na jina lake, inatosha, na wanaofanya hivyo wapo. Kama hujui, mwambie mapema na kwa heshima kwamba deli hutaweza. Jibu lake litakuonyesha ni mtu gani kabla hujapanda gari lake.

Halafu umeniambia kijuujuu tu, nikalishika, kwamba wengine wanategemea binti alijaze na vinywaji. We una miaka 20. Kwa sheria ya huko pombe ni 21, na we uko kwa visa, mwenzako akikamatwa analipa faini anarudi kwao, wewe inaweza kuigusa hiyo visa ukajikuta unapanda ndege kurudi kwenu. Deli hulinunulii pombe na hulibebi lenye pombe, hata kama umelipaka mwenyewe. Na ndani usipake chochote, rangi ni nje tu, ndani kuna barafu na vitu vya kunywa.

Bibi yako nimemsomea hii barua mpaka hapo. Mwanzo alikuwa na wasiwasi, kaambiwa na shangazi yako kwamba umeingia kwenye dini ya Wagiriki, nikamweleza kwamba ni herufi tu, wanafunzi wa chuo cha William and Mary walianza 1776 na Phi Beta Kappa, wakachukua herufi za mwanzo za maneno yao ya Kigiriki, na wengine baadaye wakafuata mtindo huo. Katulia. Akaniuliza hilo kasia lina mpini? Nikamwambia lina mpini. Akasema huo mpini usifungwe utepe wa dukani, yeye atasuka ukili mwembamba wa rangi mbili wa kuuzungushia, na huyo dada ajue kuna bibi Tanga amemshukuru. Milala kesharoweka toka asubuhi, hivi naandika naisikia anaipasua huko uani.

Kuna mtoto wa jirani anasafiri kwenda Atlanta Ijumaa ijayo, amekubali kubeba na atawaambia forodhani ni kitu cha kusukwa. Kwa hiyo nenda kanunue hilo kasia kesho, pima mpini urefu na mzunguko wake, kwa sentimita sio inchi, Bibi inchi haelewi, unitumie kabla ya Jumanne. Na nitajie rangi za sororiti yenu sawasawa, kuna dukani wanauza rangi za ukindu za kuchemsha lakini nyekundu zao ziko mbili.

Mama yako