Kioo kinachezacheza Ubuntu ikishawaka
Pole sana ndugu. Kama kioo cha laptop kimetulia ukiwa kwenye BIOS (ile mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) na kinaanza kucheza mfumo wa Ubuntu ukishawaka, usikimbilie kwa fundi kubadilisha waya. Hapo shuku draiva kwanza, yaani programu inayoendesha grafiki. Kwa grafiki za Intel mimi huanza na PSR, ule mpango wa kuokoa chaji unaokiacha kioo kirudie picha ileile kutoka kwenye kumbukumbu yake chenyewe. Jaribu kuizima bila kuhifadhi chochote: kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka) bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza i915.enable_psr=0, kisha F10. Kikitulia, yaweke maneno hayo kwenye /etc/default/grub, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, halafu endesha sudo update-grub kwenye terminal na uwashe upya. Ila PSR ikizimwa, chaji itaisha mapema kidogo.