Maswali yenu wiki hii: seli zikibadili ukubwa

Mwanangu karefuka ghafla mwaka huu. Seli zinaongezeka au zinanenepa? (Mama, Mbagala)

Yote mawili, mama, ila kunenepa kuna mchango mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu, tishu laini kuliko mfupa kama ile ya sikio. Seli zake hugawanyika na kujipanga mistari, kisha huacha kugawanyika na kuanza kutanuka mpaka ujazo wa kila moja unafika mara kumi au zaidi ya ule wa awali. Zikitanuka kufuata mstari, mfupa unasukumwa kwa urefu. Mfupa ambao seli zake hutanuka zaidi hukua haraka kuliko jirani yake. Balehe ikipita, tabaka hilo hugeuka mfupa na mchezo unaishia hapo. Kwa hiyo vile vidonge vya kurefusha watu wazima vinavyotangazwa mitandaoni, usitoe hata mia.

Seli zikiwa kubwa, mnyama naye atakuwa mkubwa? (Kidato cha tano, Temeke)

Si lazima, na hapa ndipo mimi mwenyewe hushangaa. Miaka ya 1940 huko Marekani, Gerhard Fankhauser alichunguza salamanda (wanyama wa jamii ya chura wanaofanana na mijusi) wenye seti za ziada za kromosomu. Seli zao zilikuwa kubwa kupindukia, lakini mwili ulibaki na kimo kile kile, kwa sababu idadi ya seli ilipungua. Kwenye vijirija vya figo, ambako kwa kawaida seli kadhaa huzunguka tundu, wakati mwingine seli moja ilijipinda peke yake ikafanya duara zima! Ni kana kwamba kiungo kinajua kipimo chake, seli ziwe nyingi au chache.

Nimeambiwa nianze vidonge vya foliki kabla hata sijashika mimba. Haraka ya nini? (Sinza)

Haraka ipo, dada. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama bamba bapa la seli. Baadhi ya seli hizo hujibana upande wa juu kwa nyuzi za protini, aktini na myosini, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Juu zinakuwa nyembamba, chini pana, bamba linajikunja na kingo zake zinakutana kuwa mrija. Kazi hiyo humalizika takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hata hawajapima. Mrija usipofunga sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, tatizo linalofanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Foliki, mikrogramu 400 kwa siku, hupunguza hatari hiyo sana, ingawa haiifuti.

Na mchicha wangu, seli zake hukuaje? (Kigamboni)

Seli za mmea zimefungwa na ukuta, haziwezi kuhama. Hujaza maji ndani na kusukuma ukuta huo, na mpangilio wa nyuzi zinazoujenga, ziitwazo selulosi, ndio unaoamua zirefuke au zipanuke.

Gym inaniongezea seli za misuli? (Tabata)

Kwa sehemu kubwa, hapana. Nyuzi za misuli, yaani seli zake, ulizo nazo ndizo zinazonenepa. Ukiacha mazoezi, zinasinyaa.