Kabla hujaomba leseni ya bondi Texas

Mwezi huu vijana wawili wa hapa Houston wamenifuata wakitaka kuingia kwenye kazi ya bondi, yaani kumdhamini mshtakiwa kwa malipo ili atoke jela akisubiri kesi. Wote walianza na swali la bunduki: inaruhusiwa kubeba? Mimi nikawauliza kama wana uraia. Mmoja ana grini kadi tu, kibali cha ukaazi wa kudumu, na kwake habari ya leseni iliishia palepale, maana sheria ya Texas inataka mwombaji awe raia wa Marekani na mkazi wa jimbo. Anaweza kuajiriwa ofisini, lakini jina lake halitakaa kwenye leseni mpaka ale kiapo cha uraia.

Wengi wetu tunaikosea kazi hii tangu mwanzo kwa sababu ya tulikotoka. Kwetu mdhamini ni baba mdogo anayekwenda mahakamani na hati ya kiwanja au barua ya mtendaji, anasaini, anarudi zake nyumbani. Halipwi kitu. Huku udhamini ni duka. Jaji akitaja dola 10,000, familia inaleta kama 1,000 ofisini, na hela hiyo hairudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Ofisi nayo inabeba deni la zile 10,000 zote iwapo mtu haonekani. Ukiwa na hela yako kwenye uhuru wa mtu, vishawishi ni vingi, ndiyo maana kanuni ni nyingi.

Texas haitoi leseni hii kutoka mji mkuu. Inatolewa na bodi ya bondi ya kaunti, na kaunti yenye watu 110,000 au zaidi lazima iwe nayo. Mezani utawakuta sherifu au mwakilishi wake, mwendesha mashtaka, majaji, na mtu mmoja aliyechaguliwa na wenye leseni wenyewe. Maana yake ni kwamba wanaokupa leseni ndio haohao utakaokutana nao kila siku mahakamani na jela. Ukiwaudhi wanakujua kwa sura.

Kwenye maombi, watu huhangaika na amana, ambayo kwa kaunti kubwa haipungui dola 50,000. Mimi iliyoniangusha ni karatasi nyingine kabisa. Unatakiwa uwe umefanya kazi mwaka mzima mfululizo kwa mwenye leseni, angalau saa 30 kwa wiki, na kazi hiyo iwe imegusa hatua zote za bondi. Ofisi yangu ya kwanza iliniweka kwenye simu tu. Simu ya usiku, simu ya alfajiri, "ngoja nikuunganishe." Nilipoomba barua ya uthibitisho, bosi hakuwa na la kuandika: sikuwahi kujaza bondi, sikuwahi kuipeleka kwa sherifu, sikuwahi kumfuatilia mteja aliyekosa tarehe. Nikaanza mwaka upya mahali pengine. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza omba upitishwe kwenye kazi zote za ofisi, na uandike kwenye daftari lako ulifanya nini siku gani. Saa nane za masomo ya sheria ya jinai au ya bondi nazo husomwa darasani ana kwa ana, usidanganywe na mtu wa mtandaoni.

Sasa niseme kinachotuponza sisi Waswahili hasa. Mama wa mteja atakushika mkono: "Mwanangu, tutafutie na wakili basi." Huruhusiwi. Sheria inakataza mwenye leseni na mfanyakazi wake kumpendekezea wakili mtu anayemwekea bondi. Kwetu kunyamaza mbele ya mama anayelia ni utovu wa adabu, na nimewahi kuitwa mwenye roho mbaya msikitini kwa sababu hiyo. Bora uitwe hivyo. Vilevile usitafute wateja ndani ya jela au kituo cha polisi, hata kama umekwenda kumwona binamu yako.

Habari ya kusaka watoro, yaani wateja waliokimbia kesi, ndiyo iliyojaa sinema. Kuna hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1872, Taylor v. Taintor, iliyosema mdhamini anaweza kumfuata mtu wake mpaka jimbo jingine, na hata kuvunja mlango wa nyumba yake. Vijana huinukuu kama aya. Hawasomi yaliyokuja baadaye, majimbo yalipoanza kuipunguza ruhusa hiyo kidogo kidogo. Texas haina leseni ya msaka watoro. Ili umfuatilie mtoro kwa niaba ya ofisi, lazima uwe afisa wa polisi, mpelelezi binafsi mwenye leseni, au mlinzi mwenye kibali cha silaha aliyeajiriwa na kampuni. Mpelelezi huyo haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu bila ridhaa ya waliomo, wala kuvaa beji ya kumfanya adhaniwe polisi.

Vuka kwenda jimbo la Washington, leseni ya kukamata watoro ipo, kuanzia miaka 21. Ukipanga kuingia nyumba kwa nguvu unawaarifu polisi kwanza na kuvaa fulana yenye maandishi yanayosomeka mbele na nyuma. North Carolina, msaidizi wa mdhamini hutumikia mwenye leseni mmoja tu. Illinois, Kentucky, Oregon na Wisconsin biashara yenyewe imefungwa. Leseni yako haikusindikizi huko, wala nje ya nchi. Duane Chapman, yule msaka watoro wa televisheni, alimkamata mtoro Puerto Vallarta mwaka 2003, na polisi wa Mexico wakamtia ndani yeye.

Nami nikiri, kwa miaka yangu yote sijawahi kumkimbiza mtu. Aliyenipa homa zaidi alikosa tarehe, simu imezimwa, anwani ya zamani. Nikampigia shangazi yake aliyesaini kama mdhamini mwenza. "Amehamia Katy, anafanya zamu ya usiku ghalani, hakupata barua." Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya jaji, macho mekundu kwa usingizi, bado amevaa buti za kazi.