Je, uraibu uko katika damu?

SWALI: Ndugu Mshauri, marehemu baba yangu alikuwa mlevi wa kupindukia, na kaka yangu wa tumbo moja ni mraibu wa heroini. Mwanangu ametimiza miaka 13, na kila akikosea kidogo jamaa husema, "Damu ya mjomba hiyo." Je, ni kweli? Nimfiche habari za mjomba wake?
Mama wa mvulana mmoja

JIBU: Dada yangu, jamaa zako wameushika ukweli upande mmoja tu. Tafiti zilizolinganisha mapacha wanaofanana na wasiofanana zinaonyesha kuwa urithi huchangia takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika hatari ya kuwa waraibu. Hata hivyo, hakuna jeni moja ya uraibu. Zipo nyingi, kila moja ikiongeza chembe yake, na anachorithi mtoto ni wepesi wa kunaswa pindi anapoonja, si uraibu wenyewe.

Sehemu iliyobaki hutokana na malezi na mazingira. Mtoto wa mlevi huitambua hali ya baba yake kwa mlio wa ufunguo mlangoni, kabla hajamwona uso. Huishi roho juu, na siku akikutana na kitu kinachomtuliza, hukiona ni dawa. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulibainisha kwamba kwa watu waliopitia madhila manne au zaidi utotoni, kama vile kupigwa, kushuhudia mama akipigwa au kuishi na mlevi, hatari ya ulevi na ya kutumia dawa za kulevya ilikuwa zaidi ya mara 4 ya wale wasiopitia lolote. Pengine kaka yako hakurithi damu peke yake, bali na nyumba ile.

Usimfiche mwanao. Mweleze kwamba mjomba ni mgonjwa, na kwamba yeye, kwa sababu ya ukoo wake, anapaswa kuuogopa mwonjo wa kwanza kuliko wenzake, hasa sasa, kwani sehemu ya ubongo inayozuia pupa hukomaa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Jamaa nao waombe waache msemo huo (najua si rahisi kuwanyamazisha wakubwa), maana kijana anayetabiriwa uteja kila siku huweza kuuzoea utabiri huo.

Na kama kaka yako hajaanza tiba, msindikize kwenye kliniki inayotoa methadoni, dawa inayotuliza arosto na kupunguza hamu ya heroini. Mwanao akiuliza mnakwenda wapi, mwambie.