Damu inaporudi kwenye ini lenye mafuta: barua kwa mwanangu

Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Umeniandikia kwamba mumeo atakatwa sehemu ya ini upande wa kulia kwa sababu ya uvimbe, kwamba vipimo vimeonyesha ini lenyewe limejaa mafuta, na kwamba daktari mpasuaji alitamka neno lililokunyima usingizi: anaihofia zaidi dakika ya kurudisha damu kwenye ini kuliko zile dakika za kuizuia. Unauliza inawezekanaje damu ikadhuru kiungo inachokilisha, na nini kifanyike ili ini la mkwe wangu lisiharibike. Nitakujibu kwa yale niliyofundishwa na kuyaona nilipokuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, pamoja na niliyoendelea kuyasoma baada ya kustaafu.

Kwanza ujue kwa nini damu huzuiwa. Ini hupata damu kwa njia mbili: kiasi cha robo tatu huletwa na vena kubwa itokayo kwenye utumbo, na iliyobaki huletwa na ateri. Njia zote mbili hupita pamoja na mrija wa nyongo katika ukanda mmoja mwembamba chini ya ini, na mpasuaji akiubana ukanda huo, damu inayoingia hukatika. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1908 na James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, aliyekuwa akihangaika na majeruhi waliokuwa wakivuja damu kutoka kwenye maini yaliyopasuka. Hadi leo ndiyo inayomwezesha mpasuaji kukata ini bila mgonjwa kumwaga damu nyingi mezani.

Sasa nije kwenye swali lako. Damu ikikatika, seli za ini hukosa oksijeni na akiba yao ya nishati huanza kwisha. Kazi ya kutengeneza nishati, ambayo hufanywa na vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, hukwama katikati, na malighafi ambazo zingetumika hurundikana bila kutumika, hasa ile iitwayo suksineti. Seli iliyo katika hali hiyo imedhoofika, lakini bado haijafa. Madhara makubwa huja oksijeni inaporejea, kwa sababu suksineti yote iliyorundikana huunguzwa kwa mkupuo mmoja, mitokondria huzidiwa na kumwaga chembe kali za oksijeni ambazo hushambulia kuta za seli, na kalsiamu huingia kwa wingi mpaka mitokondria zenyewe zinatoboka. Watafiti wakiongozwa na wenzao wa Cambridge waliionyesha kazi hiyo ya suksineti kwa panya mwaka 2014. Wewe umeona umeme unavyorudi kwa kishindo baada ya kukatika na kuunguza friji iliyoachwa kwenye soketi. Jambo lenyewe linafanana na hilo. Baadaye huja wimbi la pili, ambalo huchukua saa nyingi: seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ini huamka na kutoa kemikali zinazofanya tishu ivimbe, seli nyeupe za damu huitika na kujazana katika mishipa midogo, na sehemu ambayo ingepona huzidi kuumia.

Ini lenye mafuta huyapata yote hayo kwa ukali zaidi. Seli iliyojaa matone ya mafuta huvimba na kuibana mishipa midogo iliyo pembeni yake, kwa hiyo hata kabla ya kibano kuwekwa, damu hupita kwa shida. Mitokondria zake nazo huwa zimekwisha kuchoka, hivyo akiba ya nishati huisha mapema na kurudi kwa kuchelewa. Zaidi ya hayo, mafuta yenyewe ni chakula cha zile chembe kali za oksijeni, na yakishashika huendeleza uharibifu kutoka molekuli moja hadi nyingine.

Tofauti hii huonekana kwa macho. Ini lenye afya lina rangi ya damu ya mzee na ukingo wake ni mkali. Lenye mafuta huwa la manjano, ukingo wake umeviringana. Kibano kikifunguliwa, ini lenye afya hurudi kwenye rangi yake kwa pamoja, ilhali lile la mafuta hurudi mabaka mabaka: hapa pamepata damu, pale bado pamekwajuka. Nimewaona wapasuaji hodari wakisimamisha mikono na kuyatazama mabaka hayo bila kusema neno, na daktari wa usingizi akiinua kichwa kuuliza kuna nini.

Kuhusu kinga, nitakwambia waziwazi ninavyoamini: ulinzi wenye nguvu kuliko wote ni ule ambao nyinyi wawili mnaweza kuuanza nyumbani kabla ya siku ya upasuaji, yaani kuyapunguza mafuta yenyewe. Ini hutoa mafuta haraka kuliko tumbo au kiuno. Huko Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 60 wenye uzito uliozidi waligawanywa kwa kura kabla ya kukatwa ini. Nusu moja walikula mlo wa kalori 800 kwa siku wenye gramu 20 tu za mafuta, kwa wiki moja, na wakati wa upasuaji walivuja damu karibu nusu ya ile waliyovuja wenzao. Hiyo ni wiki moja tu! Hata hivyo, mumeo asijianzishie mfungo kwa sababu amesoma barua yangu. Ana uvimbe, anahitaji protini ili kidonda kipone, na kama anatumia dawa za kisukari, sukari inaweza kushuka ghafla. Mwende kwa mpasuaji na mtaalamu wa lishe, mwulize kama mlo wa namna hiyo unamfaa na kwa siku ngapi.

Najua utaniuliza juu ya mawese yetu. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala nchini Sweden waliwalisha vijana 39 keki za ziada kwa wiki saba, wengine zikiwa zimetengenezwa kwa mafuta ya mawese na wengine kwa mafuta ya alizeti. Wote waliongezeka uzito karibu sawa, lakini wa mawese ndio waliojaza mafuta zaidi kwenye ini. Sisemi mawese ni sumu. Mimi mwenyewe siwezi kula maharage bila hayo. Ila kwa kipindi hiki migebuka ichomwe au ichemshwe, ugali wa muhogo upungue sahani, na soda na bia ziondoke kabisa nyumbani, maana sukari na pombe hugeuzwa kuwa mafuta ndani ya ini hilo hilo. Vidonge na mizizi ya «kusafisha ini» mnayouziwa msiviguse. Hakuna dawa iliyokubalika rasmi kwa ajili ya kuzuia madhara haya, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini kabla hata kisu hakijaligusa.

Yatakayofanyika mezani ni kazi ya mpasuaji, lakini si vibaya uyajue. Badala ya kubana mfululizo, wengi hubana kwa dakika 15 na kuachia kwa dakika 5, kisha hurudia. Maini yenye mafuta huvumilia utaratibu huo vizuri zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia saa ya ukutani na kutaja dakika kwa sauti, na ole wako usahau. Wengine huliandaa ini kwanza, kwa kubana dakika 10 na kuachia dakika 10 kabla ya kazi yenyewe. Wazo hilo lilitoka kwenye mioyo ya mbwa mwaka 1986, na huko Zurich lilijaribiwa kwa wagonjwa 100 wa ini, matokeo yakatoka mwaka 2003: waliofaidika zaidi walikuwa vijana na wenye ini la mafuta. Mwulize pia ini litakalobaki ni kiasi gani. Kwa ini lenye afya, asilimia 20 hadi 25 huweza kutosha. Kwa lenye mafuta wengi hutaka angalau 30.

Zile mashine ulizozisikia, za kulipitishia ini oksijeni kabla ya kuliunganisha, ni za ini la kupandikizwa, hazimhusu mumeo. Ila zinathibitisha niliyokueleza: ini likipewa oksijeni katika baridi ya nyuzi 10 hivi, suksineti huunguzwa polepole, na damu inapokuja baadaye haina kishindo kile.

Baada ya upasuaji usishtuke ukiambiwa vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovuja kwenye damu seli za ini zinapoumia, vimepanda sana siku ya kwanza au ya pili. Hupanda kwa kila aliyebanwa, na kinachotakiwa ni kwamba vianze kushuka. Fuatilia zaidi bilirubini, ile rangi ya njano ambayo ini huitoa kwenye damu, na kipimo cha kuganda kwa damu, hasa siku ya tano, na kama macho yanazidi kuwa ya njano au akianza kuchanganya maneno, mwite daktari papo hapo bila kungoja zamu ya asubuhi. Andika namba za kila siku kwenye daftari unitumie kwa simu, nami nitakuwa nazisoma pamoja na mama yako.

Msalimie mkwe wangu.

Ni mimi baba yako.